Mikia ya Maneno: Viambishi Tamati vya Nomino katika Lugha za Kale za Kigermaniki

Kiambishi tamati ni kipande kinachofuata mzizi wa neno na kuupa kazi mpya. Katika lugha za kale za Kigermaniki, yaani Kigothi, Kiingereza cha Kale, Kijerumani cha Juu cha Kale, Kisaksoni cha Kale, Kinordi cha Kale na ndugu zao, kazi kubwa ya kuzaa nomino ilifanyika hapo, mkiani mwa neno. Msemaji wa Kiswahili akitaka jina la sifa huanzia mbele: kutoka -refu hupata urefu. Mgothi aliongeza nyuma: hauhs ni "-a juu", na hauhei ni "kimo". Kwa jina la mtenda Kiswahili hushika neno pande zote mbili, m- mbele na -ji nyuma, kama katika msomaji. Lugha hizi kwa kawaida zilitosheka na upande wa nyuma.

Swali linalostahili kufuatwa katika viambishi hivi si orodha yao tu, bali mahali pa kukata. Neno likisemwa halina alama inayoonyesha mzizi umekomea wapi na kiambishi kimeanzia wapi. Mpaka huo uko sikioni mwa msemaji, na masikio ya kizazi kipya yanaweza kuuweka mahali pengine. Viambishi kadhaa vilivyosimuliwa hapa vilizaliwa kwa sababu hiyo, na vingine vilikufa kwa sababu watu waliacha kuusikia mpaka kabisa.

Ushahidi mkubwa wa kwanza ni tafsiri ya Biblia iliyofanywa na askofu Wulfila kwa ajili ya Wagothi katika karne ya 4. Nakala yake mashuhuri, Codex Argenteus, iliandikwa mwanzoni mwa karne ya 6 kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Kati ya karatasi zake za ngozi zipatazo 336 zimesalia 188, karibu zote zikiwa Uppsala nchini Uswidi. Maandishi marefu ya Kiingereza na Kijerumani yanakuja karne kadhaa baadaye, na ndiyo maana Kigothi mara nyingi huonyesha sura ya kiambishi kabla hakijachakaa. Katika mifano ya sura hii, herufi þ husomwa kama th ya "thelathini", alama ya mstari juu ya irabu huonyesha kwamba irabu ni ndefu, ei ya Kigothi ni i ndefu, na gg ya Kigothi mara nyingi ni ng.

Kwa majina ya sifa, lugha hizi zilirithi viambishi viwili vilivyoshindana tangu mwanzo. Kimoja ni kile cha hauhei. Cha pili ni -iþa: kutoka diups, "-enye kina", hutoka diupiþa, "kina", na hauhs huzaa pia hauhiþa. Kijerumani cha Juu cha Kale nacho kina jozi hiyohiyo, hōhī na hōhida, bila tofauti kubwa ya maana. Baadaye kila nchi ilichagua mshindi wake. Ujerumani ilishika -ī, ambayo leo ni Höhe na Tiefe, ikaiacha -ida katika maneno machache kama Freude, "furaha", na Gemeinde, "jumuiya". Uholanzi ilishika ndugu wa -iþa, na hadi leo husema hoogte, diepte, lengte.

Uingereza ndiko -iþa ilikopata mkasa wake. Irabu i hutamkwa mbele ya kinywa. A na u hutamkwa nyuma zaidi. Wasemaji walianza kujiandaa kwa i kabla hawajaifikia, wakaivuta irabu ya mzizi mbele ili kuisogelea. Strang, "-enye nguvu", ikipewa kiambishi hiki ikawa strengþu. Lang, "-refu", ikawa lengþu. Hāl, "-zima", ikawa hǣlþ, "uzima". Fūl, "-liooza, chafu", ikawa fȳlþ, "uchafu". Kisha ile i iliyosababisha yote ikaanguka, na watoto wakarithi matokeo bila kuona sababu. Kwa Mgothi, diups na diupiþa vinaonana uso kwa uso, maana maandishi ya Kigothi hayaonyeshi mvuto huo wa irabu. Kwa Mwingereza wa leo, strong na strength bado ni ndugu wanaotambuana, lakini foul na filth wamepoteana, na ni wachache wanaosikia whole ndani ya health. Kiambishi kisichosikika hakiwezi kuzaa sana. Kiingereza kilitengeneza machache ya namna hii baadaye kwa kuiga yale ya zamani, depth likiwa mojawapo, na hatimaye kikaacha.

Nafasi hiyo ilijazwa na kiambishi kingine, ambacho historia yake ndiyo tamu kuliko zote. Kigothi kilikuwa na -assus. Kutoka ufar, "juu ya, kupita", hutoka ufarassus, "wingi unaofurika". Hapo mpaka uko wazi: ufar ni neno, -assus ni kiambishi. Kutoka ibns, "-a sawa", hutoka ibnassus, "usawa". N iliyo katikati ni mali ya mzizi. Lakini yako maneno ya aina ya tatu. Mfalme kwa Kigothi ni þiudans, na kutawala ni þiudanōn. Ufalme ni þiudinassus. Kuhani ni gudja, na kazi ya ukuhani ni gudjinassus. Katika þiudinassus n ina mwenyewe, kwa kuwa iko katika kitenzi na katika jina la mfalme. Katika gudjinassus msikilizaji anayemfahamu gudja tu haoni n inakotoka. Atakata wapi? Atakata kabla ya n, na mkononi atabaki na -nassus.

Hivyo ndivyo lugha za magharibi zilivyokata. Kiingereza cha Kale hakina tena -assus peke yake. Kina -nes, na n yake huenda popote inapokwenda: gōd, "-ema", gōdnes, "wema". Beorht, "-enye kung'aa", beorhtnes, "mng'aro". Hālig, "takatifu", hālignes, "utakatifu". Kijerumani cha Juu cha Kale kina -nissi na -nissa, ambazo leo ni -nis ya Zeugnis, "cheti", na Kenntnis, "ujuzi". Konsonanti moja ilihama nyumba. Hakuna aliyeamua wala aliyeona, na Kiingereza kikapata kiambishi ambacho hadi sasa hushikamana na karibu kila kivumishi, kwa sababu hakiusumbui mzizi: irabu ya good haibadiliki ikiwa goodness. Hicho ndicho -þ ilichoshindwa kutoa.

Majina ya vitendo yanaonyesha kwamba ndugu hawa hawakugawana urithi sawa. Kigothi kilikuwa na utaratibu nadhifu: kitenzi cha kundi la -jan huzaa -eins, cha kundi la -ōn huzaa -ōns, na kundi la tatu huzaa -ains. Laisjan, "kufundisha", hutoa laiseins, "mafundisho". Nasjan, "kuokoa", hutoa naseins, "wokovu". Laþōn, "kuita", hutoa laþōns, "wito". Liban, "kuishi", hutoa libains, "maisha". Anayejua kitenzi anajua na jina lake. Ndugu wa magharibi na wa kaskazini walishika njia ya -ung na -ing: leornian, "kujifunza", leornung, "kujifunza, elimu". Katika Kigothi majina ya vitendo ya -ung hayaonekani. Kijerumani cha leo huzaa kwa -ung kila siku, na Kiingereza kiliiacha u ikawa i, ndipo likapatikana learning. Kabla ya hapo, katika enzi ambayo lugha hizi zilikuwa bado moja, kazi kama hiyo ilifanywa na kiambishi kifupi cha konsonanti t au þ peke yake, chenye masalia magumu kama mawe: mahts ya Kigothi, "uwezo", kutoka magan, "kuweza"; gabaurþs, "kuzaliwa", kutoka bairan, "kuzaa". Hata Wulfila pengine aliyapokea kama maneno mazima.

Jina la mtenda lina safu nyingi zaidi, na safu mbili za kale zinaonekana zikigusana katika sura ya kwanza ya Injili ya Marko. Katika mstari wa 16 Simoni na Andrea ni wavuvi, na Wulfila anatumia fiskja, neno lililoundwa kutoka fisks, "samaki", kwa kuongeza -ja. Katika mstari wa 17, Yesu anapowaahidi kuwafanya wavuvi wa watu, Wulfila anabadili: anatumia nuta, neno lililotoka kwenye niutan, "kupata, kunasa", kwa kiambishi kifupi -a. Uchaguzi huo una akili. Fiskja ana samaki ndani ya jina lake. Nuta ana kunasa tu, na kinachonaswa kinaweza kuwa mtu. Mfasiri aliyekuwa na viambishi viwili mkononi alitumia kila kimoja mahali kilipofaa.

Ile -a fupi ilizaa pia katika Kiingereza cha Kale: hunta, "mwindaji", boda, "mjumbe", wita, "mwenye hekima". Udhaifu wake ni kwamba ilikuwa irabu moja tu mwishoni mwa neno, mahali ambapo irabu zilikuwa zikifa. Mrithi wake alitoka ugenini. Kilatini kilikuwa na -arius kwa watu wa kazi fulani, na maneno kama monetarius, mtengeneza sarafu, yaliingia kaskazini pamoja na kazi zenyewe: Kiingereza cha Kale kina mynetere, Kijerumani cha Juu cha Kale kina munizzāri. Wasemaji waliosikia jozi za mynet, "sarafu", na mynetere walijifunza kiambishi bila mwalimu. Kigothi kilikuwa tayari na bōkareis, "mwandishi", kutoka bōkōs, "maandiko", na mōtareis, "mtoza ushuru", kutoka mōta, "ushuru", ambapo shina si la Kilatini. Hatua iliyofuata ilikuwa kukitia kwenye vitenzi: laisjan, "kufundisha", laisareis, "mwalimu". Kukopa neno ni jambo la kila siku sokoni. Kukopa kiambishi hadi kikawa chombo kikuu cha nyumbani ni nadra. Kiswahili kina maneno mengi sana ya Kiarabu, lakini mtenda bado huundwa kwa m- na viishio vya Kibantu. Lugha za Kigermaniki zilifanya kinyume. Fiscere ya Kiingereza cha Kale, Lehrer ya Kijerumani na majirani zao wote hufunga jina la kazi kwa kipande cha Kilatini, na hakuna anayekiona kigeni.

Pembeni mwa -ere kulikuwa na -estre, hasa kwa wanawake: bæcestre, mwoka mikate; webbestre, mfumaji; sēamestre, mshonaji; tæppestre, muuza pombe. Baadaye kiliacha kubagua, na majina ya ukoo Baxter na Webster yanakihifadhi hadi leo. Spinster alikuwa msokota nyuzi kabla hajawa mwanamke asiyeolewa.

Kuna pia -end, ambacho asili yake ni umbo la kitenzi lenye maana ya "anayetenda sasa". Kigothi kina nasjands, "anayeokoa", na Kiingereza cha Kale kina hǣlend, "anayeponya", kutoka hǣlan. Waliofasiri Injili kwa Kiingereza cha Kale hawakuandika jina la Yesu. Waliandika se Hǣlend, Mponyaji. Kwa Kisaksoni cha Kale neno lilelile ni heliand, na utenzi mkubwa wa karne ya 9 juu ya maisha ya Kristo unajulikana kwa jina hilo. Maneno mengine mawili ya aina hii yamesahaulika kabisa kuwa yana kiambishi: frēond, "anayependa", kutoka frēogan, na fēond, "anayechukia", kutoka fēogan. Rafiki na adui wa Kiingereza cha leo, friend na fiend, bado wanabeba -nd ile ile, na hakuna anayeikata.

Kundi lingine halikuanza kama viambishi. Yalikuwa maneno kamili, yenye maana na heshima zake. Dōm ilikuwa "hukumu, mamlaka". Hād ilikuwa "cheo, hali, nafsi", nayo kwa Kigothi ni haidus, "namna". Ndugu wa hād katika Kijerumani cha Juu cha Kale ni heit. Maneno haya yaliunganishwa na mengine kwa njia ya kawaida ya kuunganisha nomino mbili: prēosthād ilikuwa cheo cha kasisi, cynedōm mamlaka ya kifalme. Lakini cildhād je? Mtoto hana cheo. Hapo hād imeanza kumaanisha "hali ya kuwa", na iko njiani kuwa kiambishi. Kiswahili kina jambo la karibu sana na hili, ila upande wa mbele: mwanasheria si mtoto wa sheria. Mwana limelegea likawa alama ya mtu wa fani fulani, huku mwana wa kuzaa akibaki mahali pake. Vivyo hivyo dom ya kingdom na freedom haina hukumu tena, wakati neno lenyewe, doom, likaendelea peke yake hadi kumaanisha maangamizi. Heit lilikwenda mbali zaidi: neno huru lilitoweka, kiambishi kikabaki.

Na baada ya kuwa kiambishi, heit ikapatwa na kisa kilekile cha -nassus. Vivumishi vingi vya Kijerumani cha Zama za Kati viliishia kwa -ec au -ic. Ēwec, "-a milele", pamoja na heit vilitoa ēwecheit, "umilele". Sauti c ya kivumishi na h ya kiambishi zilisukumana zikawa k moja, na wasikilizaji wakaihesabu k hiyo kuwa ya kiambishi. Ndipo ikazaliwa -keit, ambayo leo hushikamana na vivumishi visivyowahi kuwa na k yoyote: dankbar, "-enye shukrani", Dankbarkeit. Katika familia hii wamo pia -scipe ya frēondscipe, "urafiki", iliyo ndugu wa -schaft ya Kijerumani na -skapr ya Kinordi. -Lāc, ambayo Kiingereza cha leo kimebaki nayo katika wedlock tu, wakati ndugu yake -leikr ilistawi kaskazini. Na -rǣden, iliyofichwa ndani ya hatred na kindred.

Viambishi vya kudogosha vinaweza kupitiwa haraka, ingawa kimoja kimo katika jina la askofu mwenyewe. Wulfs ni mbwamwitu, na Wulfila ni mbwamwitu mdogo. Atta ni baba, na wataalamu wengi huona Attila, jina la mfalme wa Wahunni, kuwa "baba mdogo" kwa Kigothi, kama wazee wanavyoitwa kwa mapenzi. Barn, "mtoto", hutoa barnilō. Mawi, "msichana", hutoa mawilō, neno ambalo Wulfila alilichagua kwa binti wa Yairo anapoambiwa aamke. Katika Kigothi kitu kilichodogoshwa hubaki na jinsia ya kisarufi ya asili yake: mawilō ni ya kike kama mawi. Kijerumani kilichukua njia nyingine. Kiambishi chake -līn, kama katika fugilīn, "kidege", na baadaye -chen, huhamishia neno lolote kwenye jinsia isiyo ya kike wala ya kiume, na ndiyo sababu msichana, Mädchen, kisarufi si wa kike. Kwa anayejua kwamba mtoto ni wa ngeli ya watu na kitoto huvutwa kwenye ngeli ya vitu, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Kimebaki -ing cha pili, kisicho jina la kitendo bali jina la mtu au kitu kinachotokana na kingine au ni mali yake. Katika nasaba za wafalme wa Kiingereza cha Kale, mwana hutajwa kwa jina la babake likiwa na -ing: Alfred, mwana wa Æþelwulf, ni Æþelwulfing. Wingi wake ni ukoo au wafuasi, kama vile Kiswahili kinavyosema "kina fulani". Ramani ya Uingereza imejaa kina hao. Hastings ni kina Hæsta, na Birmingham ni hām, makazi, ya kina Beorma. Mfalme mwenyewe, cyning, anafafanuliwa kwa kawaida kuwa mtu wa cynn, ukoo. Wafini walilikopa neno hilo mapema mno, na kuningas yao bado ina silabi ya mwisho ambayo Wagermaniki wenyewe waliipoteza zamani.

Kutoka hapo ikaja -ling, kwa njia ambayo sasa inatambulika. Æþele ni "-a kiungwana", na æþeling ni mwana wa kifalme. Lȳtel ni "-dogo", na lytling ni mtoto. L ni ya mzizi, lakini sikio liliisogeza, na kutoka dēore, "-a thamani", pakatokea dēorling, mpenzi, ambaye leo ni darling.

Kiambishi -ing kilipenda pia sarafu. Fēorþing ilikuwa robo, kutoka fēorþa, "-a nne". Pening ikawa penny. Scilling, ambayo asili ya mzizi wake bado inabishaniwa, ndiyo iliyohesabia faini katika sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, na kwa Kigothi ipo katika hati ya mauzo iliyoandikwa Ravenna mwaka 551. Tangu mwaka 1921 Afrika Mashariki ilipoanza kutumia sarafu hiyo, -ing ya kale imekaa ndani ya shilingi, ikiwa imeongezewa irabu ya mwisho ili itamkike. Miaka kama kumi na saba kabla yake, Wajerumani walikuwa wameigawa rupia ya koloni lao katika heller 100. Jina hilo lilitokana na Haller, sarafu ya mji wa Hall, likiwa limeundwa kwa -er, mrithi wa ile -āri iliyotoka kwa Warumi, ambayo ilikuwa imeanza kumaanisha pia "-a mahali fulani". Katika hela r haipo tena, na kilichosalia cha kiambishi ni irabu a.